Nyasi Mahali pa Mtu

Swali la kama picha iliyohaririwa ni uongo limezoeleka kuulizwa juu ya picha za habari na za wanasiasa, na huulizwa kwa nadra juu ya picha za mandhari, yaani picha ambazo mada yake ni ardhi, mimea, maji na anga, kwa kudhaniwa kwamba kilima hakina heshima inayoweza kuvunjwa wala bonde halina kesi mahakamani. Katika nyanda za chai za Kericho na Bomet dhana hiyo haisimami, kwa kuwa huko bonde lina kesi, na kilima kilikuwa na wenyewe kabla ya kupimwa na kuwekewa mipaka. Swali litachunguzwa hapa kwa kuitazama aina moja ya picha ambayo, kwa mtazamo wa kwanza, ndiyo isiyo na hatia kuliko zote, nayo ni picha ya uwanja wa gofu.

Gofu iliingia Kenya pamoja na walowezi, klabu ya kwanza ya Nairobi ikiasisiwa mwaka 1906, na miji mingi ya nyanda za juu ikajipatia uwanja wake baadaye. Uwanja wa Kericho, ulio katika mwinuko wa takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, una mashimo 9, hivyo kwamba anayetaka mchezo kamili wa mashimo 18 huuzunguka mara mbili, na kivutio chake kikubwa kwa mpiga picha ni jirani yake, maana nyasi zinapoishia ndipo chai inapoanzia. Picha zake hutafutwa na klabu yenyewe, na hoteli, na waandaaji wa mashindano na watengenezaji wa kalenda, na wote hao hutaka kitu kimoja: kijani kisicho na doa kinachoteremka taratibu hadi kwenye bendera ya shimo, na nyuma yake kijani kingine kinachopanda hadi kwenye ukungu.

Kijani hicho hakipatikani kwa bahati. Mpiga picha hufika alfajiri, jua likiwa chini, kwa sababu mwanga wa ubavuni ndio unaoyapa mabonde madogo ya uwanja vivuli vyake, ilhali jua la saa sita huyasawazisha yote yakaonekana kama meza. Huweka mbele ya lenzi kichujio cha kupunguza mng'aro, kwa kuwa jani la chai lina uso kama uliopakwa nta na hurudisha mwanga mweupe unaoficha rangi yake. Kisha hurudi na faili ghafi, yaani data ya kamera kabla haijageuzwa kuwa picha ya kawaida, na faili hilo likifunguliwa kwenye kompyuta kwa mara ya kwanza humvunja moyo asiyelizoea, maana ni la kijivukijivu, halina kina, na chai iliyomo inafanana na mboga iliyochemshwa kupita kiasi.

Ni hapo, kabla ya mhariri kugusa chochote, ndipo hoja ya kwanza ya kifalsafa inapojitokeza. Kihisi, yaani kibao ndani ya kamera kinachopokea mwanga, hakioni rangi. Kila nukta yake hupima tu wingi wa mwanga uliopita kwenye kichujio kidogo cha rangi moja, na katika mpangilio uliobuniwa na Bryce Bayer, ambao hataza yake ilitolewa mwaka 1976 na ambao hadi leo unatumiwa na kamera nyingi, nusu ya vichujio hivyo ni vya kijani, robo ni vyekundu na robo ni vya buluu. Kila nukta ya picha iliyokamilika huhitaji rangi zote tatu, kwa hiyo thuluthi mbili za rangi tunayoiona hazikupimwa, bali zilikadiriwa kwa hesabu kutokana na nukta za jirani. Anayedai kwamba picha yake haikuhaririwa anasema tu kwamba kazi ya kuhariri aliiachia kiwanda cha kamera. Ansel Adams, Mmarekani aliyesomea piano kabla ya kuwa bingwa wa picha za milima, aliilinganisha negativu na nota zilizoandikwa za muziki, na picha iliyochapwa na upigaji wa muziki wenyewe, na hakuwahi kuona haya kwamba katika chumba cha giza alizitia anga zake weusi ambao jicho halikuuona.

Kwa hiyo kigezo cha kama picha imebadilishwa au haikubadilishwa hakisaidii, kwa kuwa kinazitia hatiani picha zote kwa pamoja. Wanafalsafa wa kale waliliona hili wakiwa na michoro na vioo tu. Plato, katika kitabu cha kumi cha Jamhuri, alimweka mchoraji mbali na ukweli kwa hatua mbili, kwa kuwa anaiga kitanda ambacho seremala naye alikiiga kutoka katika wazo la kitanda. Lakini Augustino, mtu wa Afrika Kaskazini aliyeandika Mazungumzo ya Nafsi karibu na mwaka 387, aliligeuza jambo akasema kwamba farasi wa mchorani hawezi kuwa mchoro wa kweli wa farasi kama si farasi wa uongo, yaani kuna vitu ambavyo kutokuwa kile vinachokionyesha ndiko kunakovifanya viwe vilivyo. Katika kitabu chake cha baadaye kuhusu uongo aliweka kigezo ambacho maadili ya Kikristo yamekifuata kwa karne nyingi: uongo haumo katika kutofautiana kwa neno na kitu, bali umo katika nia ya msemaji ya kudanganya. Kigezo hicho kina nguvu, lakini kwa picha za gofu kina udhaifu mmoja, kwamba mhariri anayesafisha uwanja hana nia ya kumdanganya yeyote. Anataka kupendeza tu, na dhamiri yake i safi kabisa.

Dini, kwa upande wake, zimeijadili picha kwa muda mrefu chini ya mlango mwingine, ule wa sanamu. Katika Ukristo, amri ya kutojifanyia sanamu ya kuchonga ilizua ugomvi uliotolewa uamuzi na Mtaguso wa Pili wa Nikea mwaka 787, baada ya Yohane wa Dameski kutetea kwamba heshima inayotolewa kwa picha humwendea yule aliyechorwa. Katika Uislamu, hadithi za onyo kwa wachoraji zilichukuliwa na wanazuoni wengi kuwa zinahusu viumbe wenye roho, na Ibn Abbas anapokewa kuwa alimshauri mchoraji mmoja achore miti na vitu visivyo na roho. Kamera ilipokuja, Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri mwanzoni mwa karne ya 20, aliona kwamba kupiga picha ni kukizuia kivuli kilichokwishakuwapo tu, wala si kuumba. Ukiutazama uwanja wa gofu kupitia mlango huu, matokeo yake ni ya ajabu kidogo: picha tupu ya nyasi, miti na ukungu ndiyo iliyo salama kuliko zote, na anayemfuta mtu kwenye picha hiyo anakuwa ameisogeza karibu zaidi na kinachoruhusiwa.

Mlango huo sio. Kumbukumbu za dini hizo hizo zina mlango mwingine unaolifaa jambo hili zaidi, nao ni mlango wa ushahidi. Amri inayohesabiwa ya tisa na makanisa mengi ya Kiprotestanti, likiwamo African Gospel Church lenye mizizi mirefu Bomet na Kericho, na ya nane na Wakatoliki, haikatazi uongo kwa ujumla. Inakataza kumshuhudia jirani uongo, na lugha yake ni ya barazani, ambako neno la shahidi linaweza kumpotezea mtu shamba au uhai. Katika Uislamu ushahidi wa uongo umehesabiwa miongoni mwa madhambi makubwa kabisa, ukitajwa pamoja na ushirikina na kuwaasi wazazi. Tofauti ya mlango huu na ule wa Augustino ni kwamba hauishii ndani ya moyo wa msemaji. Huuliza pia ni nani aliyeumia kwa neno lililosemwa, na kama alikuwa na haki juu ya neno hilo.

Jambo lenyewe hutokea katika sehemu ndogo sana ya kioo cha kompyuta. Mhariri anapolikuza faili ili akague kingo zake, huanza na kazi ya kawaida: hufuta alama za magurudumu, huziba vipara vya nyasi palipopigwa mpira, huondoa kikombe cha plastiki karibu na shimo la mchanga, husogeza kijani kutoka upande wa manjano hadi upande ulioiva. Kisha, juu ya mstari ambapo nyasi hukutana na chai, huona vidoa vitano au sita, vya manjano na vyeupe, na akizidi kukuza huona kwamba ni vitambaa vya kichwani na aproni za nailoni ambazo wachumaji huvaa ili umande usiwaloweshe na matawi yasiwakwaruze, na mmoja ameinama kidogo kwa uzito wa kikapu cha mgongoni. Programu ya kuhariri ina brashi inayonakili majani ya jirani na kuyapaka juu ya kilichochaguliwa. Mipako sita, na safu ya chai imekamilika. Kwa upande wa ufundi hakuna tofauti yoyote kati ya kufuta kikombe na kufuta watu, na programu haimwombi mhariri asite.

Mtetezi wa mhariri atasema kwamba mpiga picha huchagua daima, na kwamba angeweza kuielekeza lenzi kwingine wachumaji wasiingie kabisa, na hakuna ambaye angemlaumu. Hoja hii ni nzito, lakini inavichanganya vitendo viwili. Ukingo wa picha hukiri kuwa ni ukingo. Kila mtazamaji anajua kwamba dunia iliendelea nje yake, na anaweza kuuliza kulikuwa na nini upande wa kushoto. Kilichofutwa ndani ya picha hakiachi nafasi ya kuuliza, kwa sababu mahali pake pamewekwa kitu kingine, na kitu hicho kinatoa tamko: hapa palikuwa na chai tu. Mwezi wa Februari 1982, jarida la National Geographic lilipozisogeza piramidi za Giza ili zienee kwenye jalada la wima, lawama zilizofuata zilitokana na jambo hili hili, ingawa piramidi hazikudhurika na hazina haki ya kudai. Mchumaji wa chai anayo.

Hata hivyo, haki hiyo haielekei upande mmoja tu, na hapa wanaopenda kuwalaani wahariri hukimbia mbele ya hoja. Huenda mchumaji huyo hataki kuonekana. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inalinda faragha katika kifungu cha 31, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaihesabu taarifa inayoweza kumtambulisha mtu kuwa ni data yake binafsi. Mwanamke aliyeinama shambani hakuulizwa kama angependa kuwa pambo la kalenda ya watu wanaocheza, na kuonyeshwa mtu kama rangi ya kupamba kijani kunaweza kuwa dharau kubwa kuliko kufutwa. Baada ya uchunguzi wa runinga wa mwaka 2023 kuhusu unyanyasaji wa kingono katika mashamba makubwa ya Kericho, hakuna anayeweza kusema kwamba kuonekana na kutoonekana kwa wanawake hawa ni jambo la upambaji tu. Kwa hiyo kitendo kile kile cha brashi kinaweza kuwa ushahidi wa uongo kikifanywa kwa ajili ya mteja, na kinaweza kuwa amana iliyotunzwa kikifanywa kwa ombi la mchumaji mwenyewe. Kinachovitofautisha ni nani aliyeulizwa. Mpiga picha mwenye subira ana njia ya tatu, ya kusubiri hadi safu ya wachumaji ipite, na si njia ngumu, kwani kwa kawaida kila sehemu ya shamba huchumwa mara moja tu katika wiki moja hadi mbili.

Lakini mahali hapa kuna tatizo la ndani zaidi, ambalo huenda lisiwepo kwa kiasi hicho kwenye uwanja wa gofu wa jangwani au wa pwani. Mandhari yenyewe ilikwisha kuhaririwa kabla ya kamera kuwasili. Mchai ukiachwa ukue hugeuka mti wa mita kadhaa. Usawa ule wa kifuani, unaovifanya vilima vionekane kama vimekatwa kwa mkasi mmoja, ni kazi ya mikono inayochuma mara kwa mara na ya panga la kupogoa linalorudi kila baada ya miaka mitatu au minne. Anayewafuta wachumaji na kuiacha chai amefuta watu na kubakiza sahihi yao. Nyasi nazo zina historia yake: nyasi za kikuyu, ambazo ni mmea wa asili wa nyanda za juu za Afrika Mashariki, zilichukuliwa hadi Australia, Afrika Kusini na Marekani, na leo ndizo zilizotandazwa katika klabu ya Riviera huko Los Angeles, kwa hiyo anayeipiga picha fahari ya California anapiga picha ya malisho ya huku.

Historia ya ardhi ni nzito zaidi. Ardhi ya Wakipsigis, wenyeji wa nyanda hizi, ilitwaliwa na serikali ya kikoloni katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia ekari 25,000 za Kericho zilitengewa mpango wa kuwapa makazi maofisa wa Kiingereza waliojeruhiwa vitani, wakalima kitani, bei ya kitani ikaanguka, na katika miaka ya 1920 makampuni ya chai yakaingia, Brooke Bond ikiwa miongoni mwa ya kwanza. Mwaka 1934 sheria maalumu iliruhusu kuhamishwa kwa ukoo wa Talai, ambao ndio uliowatoa viongozi wa kiroho wa Wakipsigis, na familia zake zikapelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Victoria, kwenye mbung'o na malaria. Madai ya Wakipsigis na Watalai yalifika Tume ya Kitaifa ya Ardhi na wataalamu wa Umoja wa Mataifa, na mwaka 2022 yakapelekwa Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Picha ya gofu haikuwahamisha watu hawa na si haki kuibebesha dhambi hiyo. Inachofanya ni kulithibitisha tamko ambalo sheria ile ililihitaji, kwamba hapa palikuwa na kijani na pakapatikana mtunzaji.

Katika dini ya Wakipsigis, Asis, Mungu ambaye jua ni ishara yake, huhusishwa moja kwa moja na haki. Sala zilielekezwa mashariki, kunakopambazuka, na mabwaita, yaani madhabahu ya familia iliyojengwa kwa matawi, iliwekwa upande huo wa nyumba, huku ibada kubwa za pamoja zikifanyiwa mahali palipoitwa kapkoros, jina ambalo leo limeandikwa kwenye lango la kiwanda cha chai huko Bomet. Kwa mtu wa imani hiyo mwanga wa alfajiri haukuwa kifaa cha kupamba vilima, bali ulikuwa na upande wa kuona na kushuhudia kinachotendeka chini yake, na ingekuwa kazi ngumu kumweleza kwa nini mtu amwamkie shahidi huyo, apokee alichokionyesha, kisha akae kitako kukisahihisha. John Mbiti, mwanateolojia Mkenya, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, alieleza kwamba aliyekufa hubaki katika wakati ulio hai maadamu yuko anayemkumbuka kwa jina, na baada ya hapo huzama katika zamani za wote. Hoja ya Mbiti inahusu wafu, na mchumaji wa kwenye picha yu hai na ana jina. Lakini kwa mtazamaji wa kalenda hakuwahi kuwa nalo, hivyo anaruka hatua zote na kuzama mara moja.

Kuhusu anga lililobadilishwa, ambalo programu za miaka ya karibuni huliweka kwa kubofya mara moja, hakuna haja ya maneno mengi. Kericho ni mojawapo ya sehemu za dunia zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi, na mawingu ya alasiri hapo ni ya kawaida. Hoteli inayotangaza alasiri ya buluu inamdanganya mteja kuhusu kitu alichokilipia, na sheria ya biashara inatosha kulishughulikia hilo bila msaada wa teolojia.

Linalohitaji kufikiriwa zaidi ni mabadiliko yanayotokea shambani kwenyewe. Katika miongo miwili hivi iliyopita makampuni makubwa yameingiza mashine za kuchuma chai, chama cha wafanyakazi wa mashamba kikazipinga, na mwezi wa Mei 2023 baadhi ya mashine hizo zilichomwa moto katika maandamano ya Kericho. Mashine zikiendelea kuenea, utafika wakati ambapo mpiga picha atasimama kwenye uwanja alfajiri na safu ya chai itakuwa tupu kweli, na picha isiyo na mtu haitahitaji brashi. Hapo picha za zamani zilizofutwa watu zitafanana kabisa na picha mpya za kweli, na atakayezitazama kwa pamoja ataona bonde ambalo siku zote halikuwa na kazi ya mikono, wakati ambapo aliyeifanya kazi hiyo huenda bado anadai malipo yake au fidia ya mgongo wake. Kwa bahati, programu nyingi za kuhariri haziligusi faili ghafi. Huandika maagizo ya mhariri pembeni na kuliacha faili lilivyotoka kwenye kamera, vidoa vya manjano vikiwa bado mahali pake. Wapiga picha hulitunza faili hilo kama tahadhari ya kiufundi tu, kisha hulifuta diski ikijaa. Mkataba wa klabu au hoteli ungeweza kuagiza lisifutwe, na nakala yake ikawekwa kwenye hifadhi ya kaunti, mahali ambapo mchumaji mwenyewe au mwanawe anaweza kuomba kuiona, na pia kuomba ifichwe.